Namna ya Kusaka Mizuka Mwanza na Kurudi Mikono Mitupu

Umeshajitangaza, na hapo ndipo kazi ilipoanzia. Umewaambia wenzako ofisini, umeandika kwenye kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, na shemeji yako wa Nyegezi ameshaahidi kuleta jenereta. Jumamosi mnakesha kilimani, kwenye jumba la Wajerumani, kusaka mizuka. Jumapili asubuhi watu wote hao watakuuliza umeona nini, na ukijibu "hakuna kitu" unahofia utachekwa hadi Krismasi.

Tulia, niko upande wako. Nitakufundisha kushindwa kwa heshima. Ila tuelewane mapema: wewe na mimi tunataka urudi bila mzuka. Kuupata mzuka Mwanza ni kazi nyepesi, hata mtoto wa darasa la nne ataupata kwa simu ya kuazima. Kuukosa, katika mji wenye mawe haya na ziwa hili, kunataka akili, maandalizi na ujanja kidogo. Ujanja huo ndio ninaokupa.

Mtindo wenyewe umetoka mbali. Savannah, mji wa kale wa kusini mwa Marekani ulioanzishwa mwaka 1733, watalii hulipa fedha kuzungushwa usiku kwenye nyumba zinazosemwa kuwa na mizuka, na wengine hupandishwa kwenye magari yaliyokuwa ya kubebea maiti. Vipindi kuhusu safari za aina hiyo vijana wetu wanavitazama kwenye simu, kisha wanainua macho na kukitazama kilima cha jirani kwa namna mpya. Sawa. Mwanza nayo ina umri wake. Wajerumani waliweka kituo hapa mwaka 1892, na watu walikuwapo kitambo kabla yao. Habari zipo tele. Kazi yako ni kuzichukua bila kumdhuru mtu.

1. Lijue jumba kuliko mzuka wake

Watu watano watakusimulia kuwa usiku husikika mtu analia kwenye jumba la kilimani. Waulize nani aliishi humo. Watanyamaza wote watano. Hapo ndipo utakapowapita.

Linaitwa nyumba ya Gunzert. Theodor Gunzert alikuwa mkuu wa wilaya ya Mwanza wakati wa Wajerumani, na utawala wao hapa ulikoma Waingereza walipouteka mji Julai 1916. Halafu kuna jina la Robert Koch, ambalo bado limeng'ang'ania kilima cha mji. Koch ndiye daktari aliyetangaza mwaka 1882 kuwa amewaona bakteria wa kifua kikuu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka uliofuata alikuja kwetu kuchunguza malale, akapitia Mwanza kuelekea visiwa vya Sese upande wa Uganda. Malale yalikuwa yanamaliza watu. Upande wa Uganda peke yake wanahesabiwa waliokufa kuwa zaidi ya 200,000, na visiwa vizima vilihamishwa wakazi wake. Koch aliwadunga wagonjwa dawa iitwayo Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Baadhi walipata nafuu kwa muda. Baadhi walipofuka, na macho yao hayakurudi tena.

Kiweke kisa hicho mfukoni. Saa nane usiku, wenzako watakapoanza kuchoka na mmoja wao akaanza kunong'ona "mmesikia?", kitoe taratibu, tangu mwanzo. Utaona wanavyokusogelea. Mtu akipewa kisa cha kweli chenye mgonjwa, sindano na giza la macho, hana haja tena ya kuvumbua mayowe. Nawe utakuwa umeonekana msomi, jambo ambalo, tuambizane ukweli, ulikuwa unalitaka tangu siku ya kwanza.

2. Chagua mwezi mpevu

Hapa ndipo wengi wanapojimaliza bila kujua. Wanachagua usiku wa giza totoro, kwa sababu ndivyo vipindi vya televisheni vinavyofanya, halafu ziwa linawachezea mara mbili kwa mkupuo mmoja.

Mara ya kwanza ni wadudu. Ziwa Victoria lina wadudu wadogo wanaokulia majini na kutoka kwa mabilioni. Ukisimama Capri Point wakati wanapotoka utaona nguzo nyeusi zinapanda angani kutoka majini, ukadhani kuna moto. Wengi wao hutoka kwa kufuata mwezi, siku za giza hadi mara baada ya mwezi kuandama. Sasa piga picha yenye flashi usiku huo. Kila mdudu aliye karibu na kamera atatoka kiduara cheupe kinachoelea, kikubwa, chenye ukungu pembeni. Wasaka mizuka wa dunia nzima huvishangilia viduara hivyo na kuviita roho. Vumbi hufanya vilevile, na matone ya mvua, na pumzi yako mwenyewe asubuhi yenye baridi. Mwanza tuna wadudu kwa tani. Picha moja itakupa roho mia tatu.

Mara ya pili ni taa. Dagaa huvuliwa gizani. Zamani wavuvi waliwasha karabai, siku hizi wengi wana taa za sola, na usiku usio na mwezi mamia ya mitumbwi hukaa mbali huko ikiwa na taa zake juu ya maji. Ukitazama kutoka kilimani, taa zinapanda na kushuka na mawimbi, nyingine inazimika ghafla, nyingine inaibuka pale ambapo hapakuwa na kitu. Mgeni kutoka Dodoma anaweza kuapa kwamba ameona mji unaotembea. Anayeapa hivyo ameona riziki ya soko la samaki la Mwaloni, na kesho yake dagaa hao wataanikwa mchangani.

Kwa hiyo nenda siku ya mwezi mpevu. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wa dagaa hupumzika, wadudu hupungua, na utayaona mawe kwa macho yako bila tochi. Umeondoa nusu ya mizuka ya Mwanza kwa kutazama kalenda.

3. Vyombo vyako vitie aibu nyumbani kwanza

Najua umenunua kipima sumaku-umeme. Kina taa tano, ya kijani hadi nyekundu, na kinalia. Ni kizuri, usikitupe. Ila kabla ya kupanda nacho kilimani, kaa nacho nyumbani kwako wiki nzima. Kipitishe kwenye friji, kwenye swichi ukutani, chini ya waya za TANESCO, karibu na simu inayotafuta mtandao. Kitapiga kelele kila mahali. Ukishaona friji yako inawasha taa zote tano saa nne asubuhi mama watoto akikaanga vitumbua pembeni, hutashtuka tena kikiwaka kilimani. Utauliza tu: waya uko wapi, na nani hajazima simu yake?

Kinasa sauti ndicho chombo cha hatari zaidi, kwa kuwa sikio la binadamu limeumbwa kutafuta maneno. Likipewa mchakaricho litatengeneza maneno, na litayatengeneza kwa lugha unayoijua. Ujanja wake ni huu. Sauti mliyoinasa usimwambie mtu inasema nini. Wape watu watatu waisikilize kila mmoja chumba chake, kila mmoja aandike alichosikia. Mmoja ataandika "ondokeni". Wa pili ataandika "mpe shangazi". Wa tatu ataandika kwamba amesikia upepo. Mkiziweka karatasi tatu mezani, mjadala umekwisha, na hakuna aliyeaibishwa.

Halafu jifunze sauti za mahali. Mawe ya Mwanza ni itale, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili, na mchana yanachomwa na jua kisawasawa. Usiku yanapopoa husinyaa, na mara moja moja hutoa mlio mkavu, tak, kisha kimya. Mapangoni na kwenye nyufa wamo pimbi. Nenda kisiwa cha Saanane mchana ukawatazame na kuwasikiliza, ni safari fupi ya boti. Ndugu yao perere, yule wa mitini, huanza kwa kukoroma akamalizia kwa mayowe, na ambaye hajawahi kumsikia ana haki ya kukimbia. Weka na bundi, popo darini, na korongo wanaogonga midomo juu ya miti ya mjini. Andika orodha. Kila sauti itakayokuja usiku, itafutieni nafasi kwenye orodha kabla ya kuipa jina lingine.

4. Usiongozane na mtu anayetaka sana kuona

Yupo mmoja kwenye kundi lenu. Unamjua. Ndiye aliyeanza kusisimka ngozi tangu kwenye daladala. Mbakize nyumbani kwa upole. Mwambie tunahitaji mtu wa kupokea simu.

Sababu ninayo, na imetoka kando ya ziwa hilihili. Tarehe 30 Januari 1962, shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Hadi katikati ya Machi walikuwa wameshikwa wasichana 95 kati ya 159. Walicheka, walilia, walikimbia ovyo, na wengine walisema kuna mtu anawafukuza. Kwa wengine hali hiyo ilidumu saa chache, kwa wengine siku nyingi. Shule ilifungwa tarehe 18 Machi, wasichana wakarudishwa makwao, na kicheko kikafuatana nao. Katika kijiji cha Nshamba peke yake walishikwa watu 217. Kabla ya mambo kutulia, shule 14 zilikuwa zimefungwa kwa muda na waliopatwa walifika kama 1,000.

Walikuja madaktari wawili, Rankin na Philip, na uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 1963. Naomba uusome mwenendo wao, kwa maana wao ndio walikuwa wachunguzi wa kweli wa jambo lisilojulikana. Walipima damu. Walipima maji ya uti wa mgongo. Walikagua chakula kama kina sumu. Kote hawakukuta kitu. Wakatazama ni nani ameshikwa na nani hajashikwa, wakaona walimu hawakushikwa, wasichana ndio waliokuwa wanaambukizana, na kwamba kila anayeshikwa alikuwa amekutana na aliyeshikwa kabla yake. Wakaandika kuwa yaelekea ni histeria ya umati, iliyopita kutoka mtu hadi mtu. Hawakumtafuta mchawi. Hawakumcheka msichana hata mmoja. Ukiweza kufanya nusu ya hayo Jumamosi, nitakuvulia kofia.

Kwa hiyo wagawe watu wako wawili wawili, mbali na wengine. Hofu ya mtu mmoja haina miguu, inahitaji wenzake. Na walale zamu, kwa sababu mtu asiyelala huona. Hasa muonye anayelala chali akiwa amechoka: anaweza kuamka mwili ukiwa umekufa ganzi, kifua kimekandamizwa, na kuna mtu amesimama pembeni. Hilo ni jinamizi. Ubongo umetangulia kuamka, mwili bado umefungwa. Litapita baada ya dakika chache.

Usilidharau lakini. Mwaka 1995 Pemba na Unguja walipata hofu ya Popobawa, pepo anayesemwa kuwashambulia watu usiku, familia zikawa zinalala nje kwa makundi zikiota moto. Mchunguzi wa Kimarekani, Joe Nickell, aliposoma maelezo ya walioshambuliwa aliona dalili za jinamizi. Mwaka huohuo kijana mmoja mwenye ugonjwa wa akili aliuawa na umati mjini Zanzibar kwa kudhaniwa kuwa ndiye Popobawa. Jinamizi halikumuua mtu. Tutarudi kwenye jambo hili.

5. Piga hodi

Kabla ya kupanda kilimani, shuka uende kwa wazee. Hii ndiyo njia ya mkato kuliko zote, na wasaka mizuka hawaitumii kwa kuwa haina betri.

Nenda jioni. Sema "mwadila", salamu ya Kisukuma, uinamishe kichwa kidogo, ukae ulipoonyeshwa. Mzee atataka kwanza kujua wewe ni mtoto wa nani na umetoka wapi. Mjibu yote, usitazame saa. Usimtolee kinasa sauti hadi umwombe na akubali. Akikuambia mahali fulani hapaingiwi na viatu, vua. Akikuambia mahali fulani hapaingiwi, usiingie, na kwenye ripoti yako andika "hatukuruhusiwa". Neno hilo litakupa heshima kubwa kuliko picha yoyote.

Kama una siku ya ziada, fika Bujora, pale Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma aliyoyaanzisha Padri David Clement miaka ya 1950. Utaona ngoma za watemi, na utaambiwa habari za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ambayo hadi leo hushindana kwa ngoma na kwa dawa. Utasimuliwa Ng'wanamalundi, ambaye husemwa alikausha miti kwa kuinyooshea kidole na Wajerumani wakamkamata. Kila mzee ana babu aliyemwona. Usibishane. Sikiliza namna anavyosimulia, anavyoinuka kitini, anavyokuonyesha kidole chenyewe. Umekuja kutafuta kisichoonekana, na hapo kipo mbele yako kinaishi midomoni mwa watu.

Ukara nako, ng'ambo ya Ukerewe, lipo jiwe ambalo wenyeji husema hucheza likiimbiwa. Nenda ukiwa mgeni. Usilipeleke na rula.

6. Igoma usiguse

Hapa sina ujanja wa kukupa. Nina ombi.

Atatokea mtu kwenye kundi lenu atakayesema: twende Igoma, kwenye makaburi ya MV Bukoba, pale ndipo penyewe. Mkatalie. Mkatalie hata kama ndiye mwenye gari.

MV Bukoba ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba, Mwanza ikiwa imekaribia. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 800, na wengi hawakutambulika, wakazikwa pamoja Igoma. Meli ilipopinduka ilibaki ikielea kwa muda, chini juu, juu chini, na waliosimama juu ya chuma chake walisikia kugonga kutoka ndani. Walikuwa watu. Walikuwa hai, wamebaki penye hewa, wanagonga. Chuma kikatobolewa ili watolewe, hewa ikatoka kwenye tundu, na meli ikazama nao.

Kwa hiyo usije na kinasa sauti ukauliza hewani "kama upo, gonga mara mbili". Mwanza nzima ina watu waliopoteza mama, mume, mtoto asubuhi ile. Wengine walisimama ufukoni siku nyingi wakisubiri kila mwili unaoletwa. Wakiiona video yako wataifikiria sauti ile, na hakuna haki duniani inayokuruhusu kuwafanyia hivyo ili upate watazamaji.

Miaka 22 baadaye, tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara. Walikufa watu 228. Siku ya pili baada ya ajali, wakati wengi walishakata tamaa, fundi wa injini alitolewa humo akiwa hai. Hilo ndilo ninalotaka ulibebe. Kwenye ziwa hili, ukisikia kugonga, dhani kwanza ni mtu anayeomba msaada.

Kama moyo wako unavutwa na Igoma, nenda mchana, tarehe 21 Mei, siku ya kumbukumbu. Beba ufagio na maua. Kamera iache nyumbani.

7. Ripoti iandike kabla ya kupanda

Siku ya Ijumaa kaeni mwandike ni nini kitakachowafanya mseme "tumeona", na ni nini kitahesabiwa si kitu. Wekeni sahihi. Mkisubiri hadi Jumapili asubuhi, kila mmoja atakuwa na mzuka wake na atautetea kwa jina la marehemu bibi yake.

Halafu, mkirudi, usiseme hamkuona kitu. Sema hivi: "Tumekaa tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Tumesikia sauti kadhaa, na zote tumezijua. Hii ya pimbi, hii ya jiwe, hii ya mlinzi anakohoa." Taja saa ya kila moja. Mtu anayetoa hesabu haulizwi kama aliogopa. Kisha wape kisa cha Koch, na macho ya wale wagonjwa, na waalike wote wale sato. Hakuna atakayekumbuka kuwa hukuleta mzuka.

8. Usirudi na jina

Hii ndiyo hatua niliyoandikia mwongozo wote. Ukisahau nyingine zote, hii usiisahau.

Kwa wenzetu wa Savannah mzuka ukipatikana, watu hupiga picha wakaenda kulala. Kwetu sivyo. Usukumani swali la pili huja haraka sana: ni nani ameutuma? Na jibu la swali hilo, kwa miaka mingi, limekuwa jina la bibi kizee. Mwanza na Shinyanga zimezika wanawake wazee waliokatwa mapanga usiku kwa tuhuma za uchawi, na moja ya "dalili" zilizotajwa ni macho mekundu. Macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi. Walipika maisha yao yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya vibanda visivyo na dirisha, wakiwapikia watoto na wajukuu, pengine na hao waliokuja kuwaua.

Tangu mwaka 2007 kanda hii ilishuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, kwa sababu kuna waganga waliowaambia wateja kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Aliyeuchunguza uovu huo kwa ujasiri alikuwa mwandishi Vicky Ntetema, wakati huo akiongoza ofisi ya BBC nchini. Mwaka 2008 alijifanya mfanyabiashara anayetafuta bahati, akawaendea waganga mmoja baada ya mwingine, akarekodi waliyomwambia. Alitishiwa kuuawa, ikabidi ajifiche. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Ukitaka mfano wa mtu aliyeingia gizani na chombo cha kurekodi akarudi na kitu chenye manufaa, ni huyo. Aliwachunguza walio hai.

Basi shika haya. Kwenye kundi lako asiwepo mganga wa kupiga ramli. Mkiulizwa kijijini ni nani anahusika, jibuni kwa sauti, mbele ya watu: "Hahusiki mtu." Usitaje nyumba iliyo jirani. Usipige picha uso wa bibi yeyote, wala dirisha lake, wala paka wake. Usimrushe mtandaoni mtu mwenye ualbino kwenye video yenye muziki wa kutisha. Na ujue kuwa Sheria ya Uchawi, iliyopo tangu mwaka 1928, inahesabu hata kujidai kuwa na elimu ya siri za kichawi kuwa ni uchawi. Majisifu yako ya kilimani yanaweza kukupeleka mahakamani wewe mwenyewe.

Uking'ang'anizwa na mtu anayetaka jina, mpe la Theodor Gunzert. Hakuna atakayemdhuru.

Na kama baada ya kurudi kwako utasikia jina la mzee yeyote limeanza kutajwa, kisimani, kilabuni au sokoni, usiwaze kama ni kwa sababu yako au la. Nenda siku hiyohiyo kwa mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa mtaa, na piga simu polisi, namba 112. Watafute watoto wake wamchukue akalale kwao usiku huo. Usingoje kesho.